Kilainishi katika rangi ya kucha

SWALI: Assalaamu alaykum, mhariri. Mimi hupamba maharusi hapa Wete, Pemba. Mteja wangu mjamzito alisoma jina la asetili tributili sitrati kwenye kichupa cha rangi ya kucha, akakataa kupakwa. Je, kitu hiki kina madhara?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Rangi ya kucha ikikauka huacha utando wa nitroselulosi, ambao peke yake ni mgumu na mkavu, kiasi kwamba ukucha ukipinda kidogo tu, utando hupasuka na kubanduka vipande vipande. Sitrati hiyo, inayotengenezwa kiwandani kutokana na asidi ya sitriki, ileile iliyomo katika ndimu, hupenya kati ya molekuli za utando na kuufanya unyumbuke.

Mteja wako alikuwa na haki ya kuuliza, kwani zamani kazi hiyo ilifanywa sana na dibutili thalati, ambayo katika majaribio ya wanyama ilidhuru uzazi na vijusi, hata Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 2004. Hiyo ndiyo ya kuepukwa, na kichupa kisicho na orodha ya viambato kiache dukani. Ama sitrati, jopo la wataalamu wa vipodozi nchini Marekani liliipitia na kuiona salama kwa viwango vinavyotumika.

Ninachokihofia zaidi ni mvuke wa viyeyushi, yaani vimiminika vya rangi hiyo vinavyokaukia hewani, unaoumiza kichwa na kushika moto upesi. Fungua madirisha, na chetezo cha udi kisiingizwe chumbani kwa bibi harusi mpaka kucha zikauke na vichupa vifungwe.