Ukitaka mbwa wako avute kwa kasi, anza kwa kupunguza kilomita

Kasi ya mbwa wengi wa hanesi, yaani mbwa wanaovishwa mikanda ya kifuani ili wamvute mtu anayekimbia au anayeendesha baiskeli, huuawa na kilomita nyingi. Mtu anajifunga kiunoni kamba ya mpira, mbwa mbele, wanazunguka msituni kilomita 6 au 8 mara nne kwa wiki. Miezi mitatu baadaye analalamika kwamba mbwa ana pumzi lakini haendi. Atakwendaje, na amefundishwa asiende? Mwenye kumaliza kilomita 5 kwa dakika 25 anakwenda kilomita 12 kwa saa. Kwa mbwa wa kilo 25 mwendo huo hauhitaji kupiga shoti, mchakamchaka unamtosha kabisa. Akiurudia msimu mzima ndio unakuwa mwendo wake wa kazini, na siku utakapomfunga mbele ya baiskeli ataanza na mchakamchaka ule ule.

Mchakamchaka hauzai shoti hata ukiuongeza namna gani. Kwenye mchakamchaka miguu hukanyaga kwa jozi za mshazari na mgongo unabaki umenyooka. Kwenye shoti mgongo hujikunja na kujinyosha kama upinde, miguu ya nyuma inaingia chini ya tumbo, na kazi kubwa inafanywa na kiuno na mapaja. Misuli hiyo huzoea kazi kwa kufanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo kanuni tunayoisimamia ni moja: akiwa ndani ya hanesi, mbwa asipate nafasi ya kuzoea mwendo wa pole, isipokuwa siku ya nguvu tutakayoitaja mbele. Matembezi na mchakamchaka mrefu viwe kwa kola na kamba ya kawaida, siku nyingine, ili hanesi ikitoka mfukoni ajue ni kazi.

Mashindano ya nchi kavu (yasiyo ya theluji) huko Ulaya, yaani kanikrosi (mtu anakimbia kwa miguu akivutwa na mbwa), baiskeli na skuta ya kusukuma kwa mguu, mara nyingi ni ya kilomita 5 hivi. Wanaotawala ni Eurohound (mchanganyiko wa husky wa Alaska na pointa), Greyster (greyhound na pointa) na pointa wa Kijerumani mwenye nywele fupi. Timu bora za baiskeli hupita wastani wa kilomita 30 kwa saa. Mbwa wako wa nyumbani hatageuka Greyster kwa mazoezi, lakini mbwa yeyote mzima wa umbo la kati ana kasi ambayo bado hajaitoa. Wenye pua bapa waache nje ya mchezo huu, kwa sababu hawana njia ya hewa ya kutosha kujipooza. Na umri uheshimiwe: mashindano mengi hayaruhusu mbwa chini ya miezi 12 kwenye kanikrosi, wala chini ya 18 kwenye baiskeli na skuta. Ncha za mifupa zikiwa bado zinakua, kuvuta kwa nguvu kunaweza kuziharibu kwa maisha yote.

Kasi ya mbwa hufundishwa kwa baiskeli au skuta, hata kama lengo lako ni kanikrosi. Miguu ya binadamu ni breki tu. Kamba ya mpira iwe na urefu wa karibu mita 2 na nusu ikivutika kwa baiskeli, na karibu mita 2 kwa anayekimbia kwa miguu. Kwenye baiskeli ifungwe chini ya usukani, kwenye shingo ya fremu, ipite juu ya kijiti kinachochomoza mbele ya baiskeli kuizuia isiingie gurudumu la mbele. Usiifunge kwenye usukani wenyewe, mbwa akikata kona ghafla utaanguka.

Vipande vifupi

Chagua njia ya udongo au majani, laini lakini imara, isiyo na kona kali. Lami huchubua nyayo na kupiga viungo, mchanga mzito hugeuza zoezi la kasi kuwa zoezi la nguvu. Mpashe mbwa misuli kwa dakika 10 hadi 15: matembezi, kisha mchakamchaka mwepesi, kisha mikimbio miwili mitatu ya mita 30. Hapo amekwisha kunya na kukojoa, maana anayesimama kwa haja katikati ya kipande, yaani mkimbio mmoja wa kasi, ameshaharibu kipande.

Wiki mbili za mwanzo, vipande vitatu vya mita 400 vinatosha. Unakanyaga pedali pamoja naye, tena kwa bidii, ili mzigo uwe mwepesi na miguu yake izunguke haraka. Katikati ya kipande na kipande mtembeze dakika 3 au 4 mpaka mdomo ukaribie kufunga. Wanaokosea hapa hupumzisha dakika moja tu wakidhani wanajenga ukakamavu. Kipande cha tatu kinatoka pole, na mbwa anaondoka uwanjani akiwa amefunzwa upole.

Simamisha wakati bado anataka. Dalili za kuchoka zinaonekana kabla hajapunguza mwendo, ukiwa na jicho. Kamba iliyokaa kama fimbo inaanza kupiga mawimbi. Masikio yaliyolala nyuma yanasimama na kugeukageuka. Anatupa jicho pembeni kwenye vichaka alivyovipita bila habari dakika iliyotangulia. Miguu ya nyuma, iliyokuwa ikikanyaga mmoja baada ya mwingine, inaanza kuruka pamoja kama ya sungura. Ukiona moja, mita 50 zinazofuata ndizo za mwisho. Ukiona mbili, umechelewa, na kesho yake kipande kipungue.

Urefu uongezwe kwa ushahidi. Tumia saa au simu yenye GPS, usiangalie kasi ya juu kabisa, hiyo ni ya msisimko wa kuondoka. Linganisha robo ya pili ya kipande na robo ya mwisho. Zikiwa sawa mara tatu mfululizo, sogea kutoka mita 400 hadi 600, halafu 800, halafu 1,000. Robo ya mwisho ikishuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, rudi ngazi moja. Ukifika kilomita 1 punguza vipande viwe viwili, na kuanzia kilomita 2 fanya kimoja tu. Mbwa wa mashindano ya kilomita 5 hahitaji kukimbia kilomita 5 mazoezini kila wiki. Mara moja kila wiki mbili inatosha, akishafika huko.

Kati ya siku mbili za kasi ziwepo saa 48. Wiki nzuri ina siku mbili za kasi, moja ya nguvu, moja ya kukimbia huru uwanjani bila kufungwa chochote, zilizobaki ni matembezi na kulala. Siku ya nguvu ni ya mlima mfupi, au kuburuta tairi dogo la pikipiki, kilo 3 hadi 5 kwa mbwa wa kilo 25, kwa hatua za kutembea, dakika 15. Nguvu na kasi zisichanganywe siku moja. Siku ya kukimbia huru watu huipuuza, kumbe ndiyo pekee mbwa anapojifunza kuitumia miguu yake bila kumfikiria mtu aliye nyuma.

Mbwa wa kumfukuza husaidia sana. Mtangulize mwenzake mita 50 mbele, aliye na kasi kidogo kumzidi, si sana. Akiachwa mpaka asimwone tena mwenzake atakata tamaa. Kuwafunga wawili bega kwa bega kunafaa kama wanakaribiana, lakini mmoja akiburutwa na mwenzake kwa kamba inayounganisha shingo zao atajifunza kujizuia, na hilo huchukua msimu mzima kulitoa.

Usitafute kasi kwenye mteremko. Hata akiwa amesimama, miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wa mbwa, na kwenye mteremko wa kasi mabega na vifundo vya mbele hupokea pigo kila hatua. Hapo shika breki ya nyuma kidogo kidogo, kamba ibaki imekaza, naye ashuke kwa mwendo unaoweza kuudhibiti.

Hanesi, amri, chakula

Hanesi iruhusu vidole viwili kupita shingoni, isipande kooni anapovuta, isifunike mabega, na isikate kwapa. Mvutishe kamba kwa mkono huku mwenzako akimtazama kwa upande. Mshipi ukisogea hadi kwenye koromeo, hanesi hiyo ni ya mbwa mwingine. Manyoya yaliyokatika kwapani baada ya wiki mbili yanakwambia jambo hilo hilo.

Amri ziwe chache na zisifanane. Anayezungumza Kiswahili na mbwa wake asitumie “kulia” na “kushoto”: kwa kilomita 30 kwa saa mbwa anasikia “ku” na kuamua mwenyewe. Tumia “lia” na “shoto”, au “gee” na “haw” za waendesha mbwa wa Marekani. “Pita” ya kuacha vishawishi ifundishwe kwa miguu kabla ya siku ya baiskeli.

Asile ndani ya saa 4 kabla ya kazi. Tumbo lililojaa linaweza kujaa gesi na kujipinda, na mbwa hufa kwa hilo ndani ya saa chache. Maji mpe saa moja na nusu hadi mbili kabla, mililita 300 hivi zenye supu kidogo ya nyama bila chumvi wala kitunguu, ili ayanywe yote. Baada ya kazi mtembeze dakika 10, maji kidogo kidogo, chakula baada ya saa moja. Lishe yake isimame juu ya mafuta na protini. Kumshindilia ugali kabla ya mbio hakumpi kasi.

Joto ndilo linaloua. Mbwa hujipooza kwa kuhema, jasho lake ni la nyayo tu, na joto lake la kawaida la nyuzi 38 hadi 39 hupita 40 baada ya kipande kikali hata siku ya baridi. Hewa ikiwa chini ya nyuzi 15 fanya kazi. Kati ya 15 na 18 punguza vipande kwa nusu. Juu ya 18, na hasa hewa ikiwa na unyevu, acha kasi kabisa. Ndiyo maana msimu wa Ulaya huanza Septemba hivi. Limuru au Njombe, alfajiri za Juni na Julai zinafaa. Dar es Salaam na Mombasa hazifai hata alfajiri, mpe mbwa wa pwani bahari aogelee. Ulimi ukipanuka kama kijiko, ufizi ukiwa mwekundu wa kuiva, mate mazito, hatua za kuyumba: mmwagie maji mwili mzima, tumbo na mapajani zaidi, mpepee, na umpooze kwanza kabla ya kumpakia garini kwa daktari.

Kasi ikipotea ghafla

Mbwa aliyekuwa mwepesi akazubaa ndani ya wiki moja au mbili si mvivu, wala dawa yake si mazoezi zaidi. Mtembeze kwa mchakamchaka juu ya sakafu ngumu na umtazame kichwa: kikiinuka kila mguu mmoja wa mbele unapokanyaga, mguu huo unauma. Akifupisha hatua ya nyuma, au akisita kuruka garini, shuku msuli wa ndani ya nyonga, ambao huchanika kwa kuondoka kwa nguvu kabla ya kupashwa. Kagua katikati ya vidole, na kucha ndefu zikate. Mkojo wa rangi ya kahawa baada ya kazi kali ni misuli iliyovunjika, na anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Miguu ikiwa mizima, pima joto la mwili wake asubuhi kabla hajatoka. Afrika Mashariki, na kusini mwa Ulaya pia, homa za kupe kama ehrlichia na babesia huanza hivi hivi: anakula, anacheza kidogo, lakini mita 200 tu zinamshinda. Joto likizidi nyuzi 39.5, au ufizi ukipauka, mpeleke kwa daktari wa mifugo akapimwe damu, na hanesi ikae msumarini mpaka majibu yatoke na dozi imalizike. Akirudi, anaanza tena na mita 400.