Nambari za wateja nilizonazo simuni: naruhusiwa kuwatumia matangazo?

Swali: Niko Mombasa, nauza nguo na viatu vya watoto kupitia Instagram na WhatsApp. Simuni nina nambari za wateja karibu elfu mbili, na wengi walinipa ili bodaboda ajue pa kuwapelekea mzigo. Nataka kuwatumia SMS za ofa kabla ya Idi. Kuna kijana ananiuzia orodha nyingine ya nambari za kina mama wa Mombasa na Kilifi. Anayenisaidia matangazo ananiambia nipakie nambari zangu Facebook ili tangazo liwafikie wateja wale wale. Dada yangu wa Tanga, ambaye ana duka lake na huchukua mzigo kwangu, naye anaitaka orodha yangu. Nasikia watu wanapigwa faini siku hizi. Je, sheria inagusa duka dogo kama langu? Na katika haya yote, lipi niache?

Jibu: Inakugusa, dada yangu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamhusu yeyote anayekusanya na kutumia taarifa za watu kwa biashara, awe na jengo la ghorofa au simu moja tu. Nafuu iliyotolewa kwa wadogo ni ya usajili. Kwa kanuni za mwaka 2021, asiyefikisha mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na mwenye wafanyakazi wasiofika 10 halazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, ndiye mkuu wa ofisi inayosimamia sheria hii. Nafuu hiyo haiwafikii wenye shule, hospitali, biashara za mikopo na wengine waliotajwa, wala mtu ambaye kazi yake hasa ni kuwatumia watu matangazo. Wewe unauza nguo, basi angalia mauzo yako na idadi ya wafanyakazi wako. Ila aliyesamehewa kujisajili hakusamehewa kufuata masharti mengine.

Nianze na zile nambari elfu mbili, maana hapo ndipo wafanyabiashara wengi ninaowashauri hukwama. Mama aliyekupa nambari ili bodaboda amfikie Kisauni alikupa kwa kazi hiyo. Mzigo ukishafika, kazi aliyokukabidhi imekwisha. Kumwandikia kumwambia kwamba saizi aliyoagiza haipo, au kwamba bodaboda amekwama njiani, ni sehemu ya kazi ile ile. Kumwandikia miezi mitatu baadaye kwamba viatu vya Idi vimefika ni kazi mpya, na hiyo mpya inataka idhini yake mwenyewe. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia taarifa za mtu kwa faida ya biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine imeruhusu naye akaambiwa tangu mwanzo.

Kanuni zimeeleza zaidi. Ili umtumie mtu tangazo la moja kwa moja, uwe umepata taarifa zake kutoka kwake mwenyewe, umemwambia kwamba utazitumia kwa matangazo, amekubali, umempa njia rahisi ya kujitoa, na awe hajajitoa. Likikosekana moja, huna ruhusa. Njia ya kujitoa iwe inaonekana, isimgharimu wala kumchosha. Ndiyo sababu SMS nyingi za matangazo zinazopitia Safaricom humalizika kwa ule msimbo wa *456*9*5#. Kwa WhatsApp inatosha kuandika mwishoni, "Ukitaka nisikutumie tena, jibu ACHA." Akijibu ACHA, muondoe siku hiyo hiyo. Haki ya kukataa matangazo haina masharti: hadaiwi sababu, na huruhusiwi kumbembeleza.

Basi nambari za zamani uzifanye nini? Usitume ujumbe mmoja wa kuwaomba wote elfu mbili idhini, kwa sababu ujumbe wa namna hiyo huishia kuwa tangazo lenyewe. Anza na wanaonunua sasa. Mteja akituma oda, muulize: "Ungependa nikujulishe mzigo mpya ukifika? Jibu NDIYO au HAPANA. Nambari yako simpi mtu mwingine." Ndani ya kifurushi tia kikaratasi chenye nambari yako na maneno hayo hayo, anayetaka akuandikie mwenyewe. Orodha itakuwa fupi, pengine mia tatu badala ya elfu mbili, lakini ni ya watu wanaongoja ujumbe wako. WhatsApp nayo, katika masharti yake ya biashara, inataka uwe umekubaliwa na mtu kabla ya kumwandikia. Akaunti inayoripotiwa na wengi inaweza kufungiwa, na kwa duka linaloishi ndani ya simu hiyo ni hasara kubwa kuliko kukosa mauzo ya wiki moja.

Kila NDIYO ihifadhi: tarehe, alivyojibu, na ulichomuuliza. Daftari linatosha, au jedwali simuni. Nasisitiza hili kwa sababu mgogoro ukizuka, kifungu cha 32 kinakutaka wewe uthibitishe kwamba idhini ilitolewa. Mteja hatakiwi kuthibitisha kwamba hakuitoa.

Orodha ya yule kijana usiichukue hata akikupa bure. Hakuna hata mtu mmoja humo aliyekupa wewe nambari yake, kwa hiyo sharti la kwanza limeshavunjika. Na wakikuuliza umeitoa wapi nambari yao, jibu gani utawapa?

Ushauri wa kupakia nambari Facebook unahitaji maelezo kidogo. Anayekusaidia huenda akakwambia hakuna shida, kwa kuwa nambari hugeuzwa kuwa mfululizo wa herufi na tarakimu zisizosomeka kabla ya kufika kwa Meta, kampuni inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp. Ni kweli hugeuzwa. Lakini Meta huzilinganisha na nambari za watumiaji wake zilizogeuzwa kwa njia ile ile, na zikioana, mtu wako amejulikana. La sivyo tangazo lisingemfikia. Hoja hii iliwahi kufika mahakamani Ujerumani. Duka moja la mtandaoni la jimbo la Bavaria lilipakia Facebook anwani za barua pepe za wateja wake zikiwa zimegeuzwa hivyo. Mamlaka ya huko ikaamuru orodha ifutwe, na mwaka 2018 mahakama ya juu ya utawala ya jimbo hilo ikakubaliana nayo: kugeuza si kumficha mtu, na idhini ilihitajika. Uamuzi ule haufungi mahakama zetu, ila teknolojia ni ile ile, na masharti ya Meta yenyewe yanakutaka uwe na haki ya kutumia nambari unazopakia. Pakia za waliokubali tu, na katika swali lako la NDIYO au HAPANA uwataje Facebook na Instagram kwa majina.

Tangazo la kawaida halina mzigo huo. Kanuni zetu zinatofautisha tangazo linalomlenga mtu kwa kutumia taarifa zake na lile lisilomlenga mtu mahususi. Picha ya viatu kwenye stetasi yako, bango dukani, au kulipia posti ionekane na watu wa mji fulani wa umri fulani: katika hayo hukutumia nambari ya mteja wako yeyote. Kwa Idi hii, pesa yako iweke hapo.

Kuna jambo hukuniuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: picha. Unauza nguo za watoto, na najua kina mama hukutumia picha za watoto wamependeza. Mama kukutumia picha kwa furaha si ruhusa ya kuibandika Instagram. Kwa mtoto, sheria inataka idhini ya mzazi au mlezi, na matumizi yenyewe yawe ya kumlinda mtoto na maslahi yake. Septemba 2023 Kamishna alitangaza faini ya shilingi 4,550,000 dhidi ya Roma School kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na 1,850,000 dhidi ya mkahawa wa Casa Vera kwa kubandika picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Mwombe mama idhini kwa maandishi, mwambie picha itawekwa wapi, na akibadili nia uiondoe.

Skrinshoti za mazungumzo ya wateja wanaokusifu ni hivyo hivyo: funika jina, picha na nambari, au omba ruhusa. Na ule mtindo wa kuanika nambari ya mteja aliyeagiza kisha akakataa mzigo, eti wenzako wajihadhari naye, uache kabisa. Hasira yako ina haki, lakini hatua hiyo inakugeuza wewe kuwa mkosaji.

Dada yako wa Tanga ana duka lake, kwa hiyo kisheria ni mtu mwingine. Wateja wako hawakumpa yeye nambari zao, na orodha ingekuwa inavuka mpaka, jambo lenye masharti yake. Akusanye wake mwenyewe. Naye ajue kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inamtaka mkusanyaji wa taarifa ajisajili. Asichukue nafuu ya Kenya akadhani inamfunika.

Kuhusu faini, kiwango cha juu cha Kamishna ni shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia kwa biashara, kile kilicho kidogo. Kwa duka lako, hiyo asilimia 1 huenda isiwe ya kutisha. Fidia kwa mlalamikaji ni hesabu tofauti, nayo inaweza kuumiza zaidi. Ukipokea barua ya malalamishi, usiipuuze. Kampuni ya simu ya OPPO Kenya ilipigwa faini ya shilingi milioni 5 katika shauri lililotokana na picha moja ya mtu kwenye Instagram, baada ya kutotekeleza notisi ya Kamishna. Jibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa, ondoa kinacholalamikiwa, na ambatisha lile daftari lako la NDIYO.

Simu yenye orodha hiyo iwekee nenosiri leo. Ikiibwa na kukawa na hatari ya kweli ya wateja kudhurika, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna, na wateja wenyewe nao lazima waambiwe.