Kumtembeza mtoto vyuo vya Dar: nilikosea na wa kwanza

Mwanangu wa kwanza nilimpitisha vyuo vinne vya Dar es Salaam kwa siku moja. Asubuhi DUCE pale Chang'ombe, kisha Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), mchana Muhimbili, jioni NIT Mabibo. Nilijiona mjanja kweli. Foleni ikatula, cha mwisho tukafika geti linafungwa. Usiku nikamuuliza ameona nini. "Mama, nimeona daladala."

Wa pili ni binti, yuko kidato cha sita, anasoma PGM, yaani fizikia, jiografia na hisabati. Huyu nilimpa siku mbili, na kila siku upande mmoja tu wa jiji. Tulitoka Morogoro kwa treni ya SGR, tukafikia kwa dada yangu Sinza.

Tulikwenda mwanzoni mwa Desemba, shule imefunga lakini vyuo bado vina watu. Ukingoja amalize mitihani ya Mei, mara JKT, mara matokeo ya Julai, mara dirisha la maombi limefunguliwa, na vyuoni wanafunzi wamekwenda likizo au mafunzo kwa vitendo. Utaonyeshwa majengo. Majengo hata kwenye simu yapo.

Siku ya kwanza ilikuwa ya Mlimani na Chuo Kikuu Ardhi. Vimepakana, unatembea tu, na hadi 2007 Ardhi kilikuwa chuo kishiriki cha Mlimani. Wageni wengi wakifika Mlimani hupiga picha Nkrumah Hall, lile jengo la kwenye noti ya zamani ya 500, wakaondoka. Na sisi tulipiga, siwezi kudanganya. Ila faida ya safari niliipata Ardhi, na niliipata kwa kukaa kimya.

Nilimwambia, "Nenda kaongee nao, mimi nipo hapa." Nikakaa kwenye kimbweta, vile viti vya zege vya kujisomea, na maji yangu. Aliwaona vijana wawili wamebeba kijumba cha makadi, akawafuata. Alikaa nao karibu saa nzima. Aliporudi alikuwa anajua kwamba usanifu majengo ni miaka 5, kwamba kuna wiki watu wanakesha studio, na kwamba hela ya makadi, gundi na kuprinti michoro inauma kuliko mzazi anavyodhani. Mmoja wao alimwambia wazi kuwa angerudi nyuma angesoma ukadiriaji majenzi, ile kazi ya kupiga hesabu za gharama za ujenzi. Mimi ningekuwepo, yangeulizwa ya ada na hosteli basi, na wale vijana wangeniamkia na kujibu kwa adabu.

Kuhusu geti: chuo kimoja mlinzi alitugomea, anataka tuwe na miadi. Hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Pigeni simu ofisi ya udahili siku mbili kabla, mbebe kitambulisho cha NIDA na cha shule cha mtoto.

Jioni hatukurudi Sinza moja kwa moja. Hosteli za Magufuli za pale Mlimani zilijengwa kuchukua wanafunzi 3,840, na Mlimani ina wanafunzi wengi mno kuliko hao, kwa hiyo mtoto wako huenda akaishia geto, chumba cha kupanga mtaani. Tukapanda Changanyikeni, tukashuka Msewe, tukiuliza vyumba. Wenye nyumba wengi tuliowauliza wanataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Iwekeni kwenye hesabu mapema. Halafu tukatembea kutoka geto hadi chuoni giza likiingia, makusudi, nione njia ina taa wapi na haina wapi. Ukienda mchana kila njia ni salama.

Siku ya pili ilikuwa ya mjini, nyepesi zaidi. Tulianza na DIT, Taasisi ya Teknolojia; mabasi ya mwendokasi yana kituo kinachoitwa DIT kabisa, ukishuka umefika. Tulizunguka kidogo, tukaendelea hadi IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Mtaa wa Shaaban Robert. Hapa palikuwa pa baba yake, anayetaka binti asome uhasibu. Binti alitembea na mimi kila mahali, hakumfuata mwanafunzi hata mmoja. Swali alilouliza ni moja, choo kiko wapi. Sikumsukuma.

Kwenye treni ya kurudi baba yake akapiga, anataka kujua IFM ilikuwaje. Nikampa binti simu amjibu mwenyewe.