Usinunue hiyo GTX 960 kabla hujasoma stika ya pawasaplai

Mkuu wa Uyole, hiyo laki mbili na nusu irudishe mfukoni. Umesema una Dell OptiPlex 7010, ile ya kusimama, Core i5-3470, RAM 4GB, hadidiski ya 500GB, unafanyia picha za paspoti na kadi za harusi. Umeuliza RAM, kioo, Windows 11, halafu mwishoni ukatupia kwamba muuzaji kakushauri uanze na GTX 960, kadi ya graphics, ya mtumba "mashine iwe nyepesi". Hapo ndipo nimeshtuka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi Mwanjelwa, na mashine ilikuwa hiyohiyo.

Kadi nililipa 230,000. Nafika nyumbani, naona ina tundu la pini sita, na ndani ya CPU, yaani boksi la mashine, hakuna waya wowote wa kuingia humo. Nikarudi dukani. Yule bwana hakuniuliza hata pawasaplai yangu, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine, ni ya wati ngapi. Akatoa kiwaya cha 5,000, upande mmoja plagi bapa ya SATA, ile ya kulishia hadidiski umeme, upande wa pili pini sita: "Chomeka, itapiga kazi." Ikapiga kazi siku tisa.

Siku ya kumi napanga kadi za sendofu ya mteja, nikasikia harufu kama mfuko wa nailoni ulioangukia jiko la mkaa. Mashine ikazima. Kufungua, ile plagi ya SATA imeyeyuka ikagandana na mwenzake, na waya wa njano umebadilika kahawia kwa urefu wa kidole. Hadidiski nayo ilikuwa imechomekwa kwenye mkono uleule wa waya. Haikuamka tena. Miaka mitatu ya picha za wateja, na nakala sikuwa nayo popote. Mama mmoja wa Igawilo alikuja kutafuta picha ya marehemu mumewe niliyempiga mimi mwenyewe. Nilikosa pa kuweka uso.

Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mtu anayeuza kadi kila siku hesabu hii anapaswa kuijua. GTX 960 inakula mpaka wati 120, na Nvidia wenyewe wanataka pawasaplai ya wati 400. Yetu ya 7010 ya kusimama ni wati 275, na prosesa yako peke yake imepimwa wati 77. Tundu la pini sita lina ruhusa ya kuvuta wati 75, wakati plagi ya SATA kwenye volti 12 imetengenezewa wati 54 tu. Kile kiwaya kinaziunganisha kana kwamba ni kitu kimoja. Kuniuzia kile bila swali hata moja ni kunichomea kazi yangu kwa 5,000.

Kwa hiyo usitoe hata mia kwa kifaa chochote kabla hujafungua ubavu wa CPU, ukasoma stika ya pawasaplai na kuhesabu waya zilizomo. Chochote kinachohitaji kiwaya cha kuungia, kiache dukani.

Isitoshe, picha zako hazichelewi kwa sababu ya kadi. Zinachelewa kwa hadidiski na hiyo RAM ndogo. Weka SSD, ile diski ya kasi ya kukaa badala ya hadidiski, ya 240GB kwanza, mwezi ujao ongeza RAM, DDR3 ya desktopu, si ya laptopu, maana ile ni fupi haiingii. Kadi ukija kuihitaji kweli, tafuta GTX 750 Ti isiyo na tundu la pini. Inakula wati 60 na umeme wote inauchukua kwenye modhabodi.

Leo usiku chomoa waya wa umeme, fungua, piga picha ile stika uiweke hapa tuisome pamoja. Na picha za wateja wako zihamishe kwenye flashi kabla hujagusa kitu. Muuzaji akipiga simu, mwambie asubiri.