Barua kwa Mwanangu: Huyo Injinia wa Tinder

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa nimeshafunga kibanda changu cha kutuma pesa kwa simu, maana wateja wa Arua masikio yao marefu. Unauliza utajuaje kama huyo injinia wa Hoima uliyempata Tinder, ile programu ya simu ya kutafuta wapenzi, ni mtu wa kweli, na kama ni heri uilipie Tinder au uhamie Muzz kwa kuwa kule ni kwa Waislamu.

La Muzz ni jepesi, nilimalize kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiitwa Muzmatch, na unaweza kumweka walii, yaani msimamizi wako wa ndoa, apate nakala ya mazungumzo yenu. Ukitaka, mweke baba yako mdogo. Mimi msiniletee meseji za usiku. Ila tapeli naye anajua kuandika bismillahi, kwa hiyo kuchunguza kuko palepale.

Sasa huyo injinia. Picha na sifa alizojiandikia achana nazo kwanza, hizo anazipanga mwenyewe. Tafuta asichoweza kukipanga.

Anza na jina. Amekupa namba ya simu. Ingia kwenye mobaili mani kama unayetaka kumtumia shilingi 1,000. Kabla hujaweka namba ya siri, jina lililosajiliwa litatokea. Lisome, kisha katisha. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo jina hilo si la kujitungia. Likija la mwanamke, usipandwe na hasira, wapo wanaotumia laini za dada zao. Muulize tu, halafu usikilize anavyojieleza.

Nakwambia hivi kwa sababu kazi yangu ni kusoma majina. Alikuja binti hapa dirishani, anataka kutuma ada ya kutolea mzigo uwanja wa ndege wa Entebbe. Mpenzi wake, eti, ni daktari wa jeshi la Marekani na amemtumia zawadi. Jina lililotokea lilikuwa la mtu wa hukuhuku kwetu. Nikamsomea herufi kwa herufi. Akanijibu, "Huyo ni wakala wake, mama, tuma." Nikamwomba afikirie hata mpaka kesho, akachukua pesa yake akaenda kutumia kibanda cha jirani. Pesa ikishatolewa upande wa pili, kuirudisha ni kazi kubwa.

Picha zake zipitishe Google Lens, ile inayotafuta picha mtandaoni. Zikitokea kwa jina jingine, umemaliza kazi. Zisipotokea popote, usishangilie, siku hizi kompyuta inachora sura ya mtu ambaye hajazaliwa. Mpigie video bila kumpa taarifa, mwambie asogee dirishani, ageuze uso pembeni, akuonyeshe nje kulivyo. Ile alama ya buluu ya Tinder inasema tu kwamba uso wake unafanana na picha alizoweka. Haisemi anafanya kazi gani wala kama ana mke. Hata umbali unaouona pale usiutegemee, maana anayelipia huweza kujiweka mji autakao, akawa "Hoima" na miguu yake iko kwingine kabisa.

Na kuhusu kazi, usimuulize mambo makubwa. Kwamba bomba la mafuta linatoka Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, hata mimi nalijua na sijawahi kufika. Muulize chakula cha kambini, zamu inaisha lini, vumbi likoje. Wafanyakazi wa kweli ninaowajua hulalamika sana! Huyu wako, kwa meseji ulizonisomea, hajalalamika hata kidogo, na hilo sijalipenda.

La mke ndilo linaloninyima usingizi kuliko utapeli. Dini yetu inamruhusu mwanamume kuongeza, na ndoa za kimila vilevile, kwa hiyo anaweza kuwa na mke Masindi na asione kama anakudanganya. Muulize wazi: "Umeoa?" Asikujibu kwa utani. URSB, ile ofisi ya serikali ya usajili, wanatunza kumbukumbu za ndoa, lakini nikahi nyingi hazifiki huko. Ulizia kwao, msikiti anaosali, watu aliosoma nao. Nitajie ukoo wake, shangazi yako ana simu na ana muda.

Mkifika kuonana, iwe mchana, mahali unapopajua wewe, na binamu yako ajue ni wapi. Nenda na boda uliyoiita mwenyewe. Nauli yake usiipokee. Najua wasichana wa Kampala mna sifa mbaya ya kula nauli na kuzima simu, lakini sikwambii kwa ajili ya sifa. Ukiwa umejilipia, unaondoka saa utakayo.

Kulipia Tinder ya pesa sioni haja kwa sasa. Mmoja huyu bado hujamjua, wengine wa nini?

Hilo la jina kwenye laini lifanye leo, kisha unipigie baada ya isha. Meseji sitaki, nataka nikusikie.

Mama yako,
Arua