Nyangumi wa viti vya plastiki: ukiwapeleka watoto kuona sanaa ya wenyeji asilia wa Kanada

Kama umewahi kwenda harusini au msibani popote kati ya Lamu na Lubumbashi, unavijua vile viti vyeupe vya plastiki, ambavyo mguu mmoja hulegea mtu mnene akikaa. Sasa chukua viti hivyo, vikatekate, viunge upya mpaka viwe mifupa ya nyangumi yenye urefu unaozidi mita 6, kisha itundike darini. Hiyo ndiyo "Shapeshifter" ya Brian Jungen, ya mwaka 2000, mali ya Jumba la Taifa la Sanaa hapa Ottawa. Jungen kwa upande wa mama ni Dane-zaa, mmoja wa mataifa ya wenyeji asilia wa magharibi mwa Kanada.

Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi, na safari yangu ya kwanza na wanafunzi kwenda kuona sanaa ya aina hii niliivuruga mwenyewe. Niliwaandalia karatasi ya maswali 15: msanii nani, mwaka gani, ametumia nini. Matokeo yake watoto walikimbia kutoka kibao kimoja cha maelezo hadi kingine wakinakili, migongo wameipa kazi zenyewe. Kwenye basi nikamuuliza mmoja kimempendeza nini. Akanijibu, "Lifti."

Siku hizi nachagua kazi tatu, basi. Tunakaa sakafuni mbele ya kila moja, na sheria ni kwamba unasema unachokiona, si unachokijua. Mbele ya nyangumi walianza na mbavu, mkia, meno. Halafu binti mmoja wa darasa la nne akanyamaza, akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Lile tundu ni la kushikia kiti." Ungewaona wenzake walivyosogea! Ukitangulia kuwaambia kwamba ni viti, umewaibia.

Kabla ya safari jisahihishe kwanza wewe, hasa lugha. Wengi wetu tulifundishwa shuleni "Wahindi Wekundu". Liache neno hilo. Useme Mataifa ya Kwanza, Wainuiti, Wametisi, yaani makundi matatu ya wenyeji asilia wa Kanada, na ukilijua jina la taifa lenyewe, Cree au Algonquin, litaje hilo. Uache na "walikuwa": walikuwa wakiishi, walikuwa wakichonga. Jungen alizaliwa mwaka 1970, na ametengeneza vinyago vya viatu vya Nike Air Jordan. Mtoto anayevitamani viatu hivyo haoni "zamani za kale" yoyote pale.

Kuna neno jingine linalotutega sisi Waswahili: shule ya bweni. Kwetu mzazi anauza ng'ombe ili mwanawe aende bweni, na akienda mtaa mzima unajua. Hapa zilikuwepo shule za bweni ambako watoto wa wenyeji asilia walipelekwa kwa lazima, wakakatwa nywele, wakaadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao. Watoto zaidi ya 150,000 walipitia humo, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Kwa hiyo ukimfasiria mzazi mgeni barua ya ruhusa inayozitaja shule hizo, usiandike "bweni" ukaishia hapo. Niliwahi kufanya hivyo, na baba mmoja akaniuliza ada ilikuwa kiasi gani.

Wiki moja kabla, nawaonyesha picha za kazi ya Nadia Myre, msanii wa Algonquin. Alichukua kurasa 56 za sheria ya mwaka 1876 inayowatawala wenyeji asilia, ambayo mpaka leo inatumika, na kwa msaada wa watu zaidi ya 200 akazifunika kwa shanga: nyeupe juu ya maandishi, nyekundu pasipo na maandishi. Kisha kila mtoto anapewa sindano, shanga na neno moja lililochapwa kwenye karatasi iliyogandishwa juu ya kitambaa. Kipindi kizima kinaisha, na wengi hawajalimaliza. Baada ya hapo huhitaji kuwaambia kurasa 56 maana yake nini.

Darasani akiwamo mtoto wa wenyeji asilia, chonde chonde, usimgeuze msemaji wa ukoo. Mwaka jana niliwaona wenzake wote wakimgeukia mmoja awaeleze, naye akawa anafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Nilimwelewa. Mimi mzaliwa wa Tanga huulizwa habari za Afrika nzima. Nikawaita wenzake waje wahesabu viti. Akitaka kusema, atasema.

Yaliyobaki ni madogo. Bebeni penseli, kalamu za wino hukatazwa. Na nje ya jumba hilo kuna buibui wa shaba wa Louise Bourgeois, mrefu kuliko twiga. Hahusiani na somo, lakini wape dakika kumi wapite chini ya tumbo lake, la sivyo mtashinda ndani wakiuliza habari zake.

Picha ya nyangumi nilimtumia mama yangu kwa WhatsApp. Akaitazama, akanirudishia sauti: "Viti vyote hivyo mmevitundika juu, na wageni wanakaa wapi?"