Xeon mbili za zamani kwa video? Miye ningeacha

Kaka, nimekusoma: uko na dola 400, laptopu inakawia sana kuenkodi (kubana video ziwe faili ndogo) video za harusi na za kanisa, sasa unataka serveri ya okazi, iliyotumika tayari, ya Xeon mbili, zile prosesa za Intel za serveri. Wazi tu, uiache. Zile mashini zinakula umeme mingi, vantilateri zinalia usiku mzima, na hapa Goma umeme ukikatika utailisha nini, jenereta?

Tafuta ordinateri ya ofisi ya okazi yenye Intel Core i5 ya kizazi cha 8, mfano i5-8500. Ndani iko Quick Sync, kipande cha chipu cha kazi ya video peke, fomati za video H.264 na H.265 inapiga mbio na prosesa inapumua. Ila soma jina vizuri, ikiishia na F haina grafiki ya ndani na Quick Sync hakuna, na wauzaji wengi hata hawajui. Kabla ya kutoa pesa weka HandBrake, programu ya kuenkodi, chagua QSV, ndiyo Quick Sync, enkodi video moja palepale.

RAM GB 16 inatosha, SSD ya kazi na diski kubwa ya kuhifadhi.

Kwa bitireti ileile (data kwa kila sekunde ya video) x264 ya polepole, inayoenkodi kwa prosesa yenyewe, bado inatoa picha safi zaidi kuliko Quick Sync ya kizazi hicho, basi kazi ya mteja iache x264 ifanye usiku, ya WhatsApp pitisha Quick Sync.

Onduleri, ile betri inayoshika mashini umeme ukikatika, usiiruke, na kama kasha linakupiga shoti ukiligusa, zima kwanza, ita fundi umeme aangalie waya wa ardhi.